Mkuza wa bomba la gesi na mahindi ya Ohio

Mabomba ya gesi ya Rover na Nexus, yaliyokamilika mwaka 2018, yalipita katika mashamba ya mahindi na soya ya jimbo la Ohio, Marekani. Utaratibu unaopendekezwa kwa kazi hiyo ni mzuri: udongo wa juu wenye mboji hukwanguliwa kwanza na kurundikwa peke yake, wa chini hurundikwa kando, kisha bomba likishalazwa, kila udongo hurudishwa mahali pake. Hata hivyo, watafiti wa Ohio State University walipopima mashamba 29 yaliyopitiwa na mabomba, mahindi ya kwenye mkuza, yaani ukanda linamopita bomba, yalikuwa yamepungua kwa asilimia 23.8 mwaka 2020 na 19.5 mwaka 2021, yakilinganishwa na ya eneo la jirani lisiloguswa. Si lazima gesi ivuje ndipo shamba liharibike. Kulaza bomba kunatosha.

Kutenganisha udongo hulinda mboji, lakini hakuzuii uzito. Katapila na malori yanayobeba mabomba hupita mkuzani mara nyingi, na udongo wa mfinyanzi ukiwa na unyevu hushindiliwa hadi vinyweleo vyake vikaziba. Fimbo ya kupimia ugumu ikichomekwa hapo hukataa kuzama; mzizi wa mhindi nao hukwama vivyo hivyo. Mabonge madogo yanayoshikamanishwa na mboji huvunjika, mvua ikinyesha maji hutuama, na jua likiwaka mmea hauyafikii maji yaliyo chini.

Wapo wanaosema mkuza ni ukanda mwembamba, na kwamba muda utauponya. Ni kweli kwamba ukilinganishwa na jimbo zima ni mwembamba, lakini hasara haigawanywi kwa jimbo zima. Humwangukia mkulima ambaye shamba lake limekatwa katikati. Kuhusu muda, vipimo hivyo vilichukuliwa miaka kadhaa baada ya mitaro kufukiwa. Wengine hutaja fidia, nayo ni haki, ila fidia ya misimu michache haitoshi pale udongo unapochelewa kupona kuliko malipo yanavyodumu.

Kwa hiyo mkataba usiishie kwenye kufukia mtaro. Uamuru mitambo isimame udongo unapolowa, ugumu wa udongo upimwe kabla na baada ya kazi, na fidia iendelee hadi mavuno ya mkuzani yalingane na ya jirani yake.