Kubeba na Kuvuta
Katika baadhi ya tafsiri za miongozo ya magari tumekuta istilahi moja, “uwezo wa gari”, ikitumiwa kwa maana mbili: uzito linaoubeba na uzito linaouvuta. Mkulima wa pamba wa Bariadi anayechagua pikapu ya kuvutia tela atapotoshwa. Tela lifungwalo nyuma hulibebesha gari takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Liegemealo ndani ya bodi, takriban moja ya tano. Kwa tela la tani 2, hizo ni kilo 400. Pikapu ya tani 1 itabakiwa na kilo 600 tu, za abiria na mizigo. Tunapendekeza “uwezo wa kubeba” na “uwezo wa kuvuta”. Mfasiri asiyezitenganisha humtia dereva hatarini.