Nchi ya Anayeaga: Nafsineni katika Nyimbo za Roger Whittaker

Ni rahisi kuziita nyimbo za Roger Whittaker bidhaa ya watalii na kuishia hapo. Hukumu hiyo haielezi kwa nini "My Land is Kenya", wimbo wa mwaka 1982, umependwa na Wakenya wenyewe, wakiwemo wakazi wa Nyeri ambao wana kila sababu ya kuusikiliza kwa sikio la pili.

Whittaker alizaliwa Nairobi mwaka 1936. Wazazi wake, Waingereza kutoka Staffordshire, walikuwa wamehamia shamba lililo karibu na Thika. Alipomaliza shule aliitwa jeshini, akatumikia miaka miwili katika Kenya Regiment akipigana na Mau Mau katika msitu wa Nyandarua. Mwaka 1959 alihamia Uingereza, akasomea sayansi huko Bangor. Mwaka 1967 alikuwa katika timu ya Uingereza iliyoshinda shindano la nyimbo la Knokke, Ubelgiji. Ushindi huo haukuwa wa Kenya, na sifa aliyoipata Ulaya wakati huo ilitokana na mluzi wake kuliko maneno yake. Umuhimu wake kifasihi ni mdogo.

Kinachostahili kuhakikiwa ni dhamira iliyotawala kazi zake zilizofuata, yaani kuaga. Katika "Durham Town" (1969) nafsineni anauhama mji. Katika "The Last Farewell" anangoja merikebu imtoe katika nchi ya jua na kumrudisha Uingereza. Maneno ya wimbo huu hayakuwa yake. Yalitumwa na Ron Webster, mfua fedha wa Birmingham, Whittaker alipowaalika wasikilizaji wa redio wampelekee mashairi ayatilie muziki. Hata hivyo, hakuna maneno yaliyomfaa zaidi.

"My Land is Kenya" haina budi kusomwa katika mkondo huu. Kibwagizo chake kinaisifu nchi kuanzia nyanda za juu hadi baharini, kisha kinaiweka moyoni. Ni sifa ya dhati, na lahani yake ni tamu. Asiyekiri hilo hatendi haki. Lakini moyoni ndiko inakowekwa nchi na mtu asiyeishi humo. Katika kibwagizo hicho mna nafsi mbili tu, msemaji na nchi, jirani hayumo.

Katika msitu uleule wa Nyandarua, miaka ileile ya 1950, palikuwa na nyimbo nyingine. Wapiganaji wa Mau Mau walizitunga kwa Kikuyu, nyingi zikiazima lahani za nyimbo za kanisani. Maina wa Kinyatti alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1980 katika "Thunder from the Mountains". Huko ardhi husemwa kwa nafsi ya kwanza wingi: ni yetu, nayo inadaiwa. Anayedai hajaaga. Tofauti hii ya umoja na wingi ina uzito kuliko tofauti ya lugha au ya ala.

Uzito huo hudhihirika mara mtu anapojaribu kuutafsiri wimbo wa Whittaker kwa Kiswahili. Neno moja la Kiingereza katika anwani hudai uamuzi ambao mtunzi hakulazimika kuufanya. Akisema "nchi yangu", mfasiri amempa msemaji uraia, na hakuna wa kumnyima mzaliwa wa Nairobi maneno hayo. Akisema "ardhi yangu", ameingia katika suala la hati. Wakati wa Hali ya Hatari wakazi wa Nyeri walihamishiwa vijiji vyenye ulinzi. Vishamba viliunganishwa na kuandikishwa huku wengi wakiwa msituni au kizuizini, na baadhi walirudi wakakuta mashamba yao yana majina ya watu wengine.

Whittaker alifariki Ufaransa Septemba 2023. Wimbo wake bado unaweza kuimbwa Nyeri kwa furaha na bila kuombewa radhi, mradi mfasiri achague "nchi".