Nani aliyeporomosha Madongoporomoka?

Mwishoni mwa mwaka 2021 nilialikwa katika shule moja ya upili jijini Nairobi kuzungumza na watahiniwa waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa KCSE uliofanywa Machi 2022. Nilipewa mada ya maudhui katika mkusanyiko wa hadithi fupi, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Nikaanza na swali nililodhani ni jepesi: umaskini husababishwa na nini?

Majibu yakaja mbiombio. Uvivu. Ulevi. Kuzaa watoto wengi. Kutosoma. Nikayaandika yote ubaoni.

Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. “Mwalimu, mamangu huamka saa tisa usiku kuenda Marikiti kununua mboga za kuuza. Sasa huo uvivu ni wa saa ngapi?” Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliutazama ubao nikaona kuwa kila neno nililoandika lilikuwa linamshtaki mama yake.

Hapakuwa na mtu mwingine pale ubaoni. Hapakuwa na mwajiri anayelipa kiduchu, wala mnyakuzi wa ardhi, wala afisa aliyekula pesa za dawa. Alikuwapo maskini peke yake, na makosa yake.

Vijana hawa hawakuyaokota mawazo hayo jalalani. Tumewalisha sisi. Tangu shule ya msingi tunawakaririsha kuwa ajizi ni nyumba ya njaa na kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisemi methali hizi ni za uongo. Bidii ina malipo yake. Lakini wahenga haohao walisema mwenye nguvu mpishe, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mbona hizi hatuwahimizi watoto wazitie katika insha za umaskini?

Tatizo jingine limejificha katika sarufi. Kauli ya kutendeka haimpi mtenda nafasi. Ukisema “sahani imevunjika”, huwezi kuongeza “na Asha”. Sikio la Mswahili litakataa. Sharti useme “imevunjwa na Asha”, na hapo Asha ajitetee. Basi tazama tunavyozungumzia ufukara. Tunasema fulani amefilisika, ni nadra kusema amefilisiwa. Tunasema wakulima wamefukarika, si wamefukarishwa. Tunamfanya maskini kuwa sahani iliyovunjika yenyewe.

Sheng nayo haina nafuu sana. Kijana asiye na pesa husema amesota. Katika Kiswahili sanifu, kusota ni kujikokota kwa makalio, na taswira hiyo inafaa kabisa. Hata hivyo, anayesota anaonekana kana kwamba aliamua tu kuketi chini. Aliyemkata miguu haonekani.

Ndiyo maana ninaithamini hadithi inayoupa mkusanyiko huo jina lake, Tumbo Lisiloshiba ya Said Ahmed Mohamed. Wakazi wa Madongoporomoka ni wachochole wanaomezewa mate ardhi yao na wakubwa. Siku moja Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kukifagia chakula chote kilichopo. Matingatinga nayo hayakawii kuja.

Tazama alichokifanya mwandishi. Jina la mtaa linabeba kitenzi “poromoka”, chenye tabia ileile ya “vunjika”: kitu kinaporomoka chenyewe, bila mkono wa mtu. Ukilisikia jina hilo utadhani udongo wa pale ni mbovu. Halafu hadithi inalikanusha jina lenyewe kwa kuonyesha kuwa madongo yale yanaporomoshwa. Mtenda yupo, ana tumbo, na anakula mbele ya macho yetu. Hata umbo la neno “jitu”, ukubwa wa “mtu”, linatukumbusha kwamba dubwana hili lilianza kama mtu wa kawaida, kisha likavimba.

Hadithi hii ina dosari pia, nami sitaifumbia macho. Jitu halina jina. Msomaji anaweza kulichukulia kama zimwi la ngano, akacheka ulafi wake, akafunga kitabu. Mabwanyenye wa kweli hawali sufuria nzima hadharani. Wanatia sahihi karatasi ofisini, kisha wanakwenda kanisani au msikitini kama sisi.

Lawama kubwa zaidi naielekeza kwa sisi tunaofundisha. Fungua miongozo mingi ya fasihi uone: “Umaskini umejitokeza pale ambapo…” Umejitokeza! Kama uyoga baada ya mvua. Mwanafunzi anaorodhesha hoja tano, anazoa alama, wala hakuna anayemuuliza nani alimfanyia nani nini. Nasi wanahabari hatujambo. Vibanda vya Kariobangi vilipobomolewa Mei 2020, corona ikiwa imetanda, na vya Mukuru kwa Njenga Novemba 2021 kupisha barabara, na vile vya kandokando ya mito jijini baada ya mafuriko ya 2024, tuliandika kwamba wakazi “wameachwa bila makao”. Wameachwa na nani? Neno “na” lina herufi mbili tu, ila kulitamka kunahitaji ujasiri.

Huenda mtu akasema: Mwalimu, walevi wapo, na wazembe wapo. Naam, wapo. Wapo pia Runda na Muthaiga, lakini ulevi wao haujawahi kuwaletea tingatinga.

Nirudi darasani. Nilifuta ubao, tukaanza upya. Niliwaomba kila jibu waliandike kwa sentensi yenye mtenda. Wengi walikwama. Msichana yule hakukwama. Aliandika kwamba mamake hununua maji ghali kwa sababu kuna watu waliokata mfereji ili wawauzie wakazi maji hayohayo kwa mitungi.

Kipindi kilipokwisha alinifuata mlangoni. “Mwalimu, kwenye mtihani niandike ile orodha ya kwanza au hii ya pili?”

Nilijua mwongozo wa kusahihisha hupenda nini. Nikamwambia aanze na ile ya kwanza apate alama zake, kisha aongeze ya pili. Akanishukuru, akaenda zake. Ninajua sikumjibu kama mwalimu anavyopaswa kujibu, na ningependa wenzangu tunaotunga mitihani tulijibu swali hilo pamoja.