Mizani Kumi na Saba na Nyanya Zilizoiva: Baba Mkulima katika Hadithi ya Hisaye Yamamoto

Hadithi fupi ya Hisaye Yamamoto, "Seventeen Syllables", iliyochapishwa mwaka 1949, husomwa zaidi kama kisa cha mke aliyenyimwa ushairi na mumewe. Mwanzoni mtafiti naye aliisoma hivyo. Ushahidi upo. Tome Hayashi huchuma nyanya mchana, hupika na kufua, kisha usiku hutunga haiku kwa jina la Ume Hanazono. Anapotuzwa picha ya Hiroshige na gazeti, mumewe anaivunja kwa shoka, anaimwagia mafuta ya taa na kuichoma. Hakuna hoja itakayoufanya ukatili huo uwe jambo dogo. Hata hivyo, usomaji unaoishia kwenye shoka unaiacha nje ardhi, ilhali familia hii haieleweki bila ardhi.

Yamamoto alizaliwa Redondo Beach, California, mwaka 1921, akiwa mtoto wa wakulima wahamiaji kutoka Japani. Sheria ya Ardhi ya California ya mwaka 1913 iliwakataza wageni wasioruhusiwa kupata uraia kumiliki ardhi ya kilimo, na ikaweka ukomo wa miaka 3 kwa ukodishaji. Mwaka 1920 mwanya wa kukodi nao ukazibwa. Wazazi wengine waliandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao waliozaliwa Marekani. Kwa mkulima aliyewekwa katika hali hiyo, mali ya kutegemewa ni mazao ya msimu ulio mbele yake, na nyanya haisubiri.

Hadithi haiitaji sheria hiyo hata mara moja. Inaidhihirisha kwa njia ya muda. Mhariri analeta tuzo katikati ya mavuno, siku ya joto kali. Tome anaacha kuchuma na kuingia naye ndani kunywa chai. Baba anamtuma Rosie, binti yao, akamwite mama yake arudi shambani. Mama hatoki. Ni baada ya hapo tu ndipo baba anapoingia mwenyewe. Mpangilio huu wa hatua si wa bahati nasibu: Yamamoto anatufanya tuhesabu dakika pamoja na mtu tusiyempenda.

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyezoea mshororo wa mizani 16, haiku nzima yenye mizani 17 ni fupi mno. Ni utungo unaoweza kukamilishwa baada ya vyombo kuoshwa. Kwa hiyo si utunzi wenyewe unaokula muda wa shamba. Kinachokula muda ni mazungumzo kuhusu utunzi, nayo ni mazungumzo ambayo baba hana nafasi ndani yake. Tangu Ume Hanazono azaliwe, jioni baba hucheza karata peke yake. Hapa hoja ya ardhi inafika ukomo wake, na ni vema kukiri hivyo: sheria inaeleza haraka yake, haielezi wivu wake.

King-Kok Cheung ameonyesha jinsi Yamamoto anavyosimulia visa viwili kwa wakati mmoja, kimoja kikijificha chini ya kingine. Kisa kilichofichwa hutoka picha ikiwa inaungua. Tome anamweleza Rosie kuwa huko Japani alizaa mtoto wa kiume aliyekufa, na kwamba ndoa hii ya Marekani ilikuwa badala ya kujiua. Mtoto huyo angekuwa na umri wa miaka 17. Idadi ya mizani na idadi ya miaka ni moja, na msimulizi haongezi neno.

Kisha mama anamtaka Rosie aahidi kutoolewa kamwe. Rosie, ambaye jana yake alibusiwa kwa mara ya kwanza na Jesus, kijana wa familia ya Kimeksiko inayosaidia mavuno, anaitikia kwa ile "ndiyo" aliyokuwa akiitoa aliposomewa haiku asizozielewa. Mama anaitambua. Mkono wake wa kumfariji binti unakuja, lakini unachelewa.