Nyatiti Bila Hadhira: Tahakiki ya "En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada

Ayub Ogada (1956–2019), mzaliwa wa Mombasa, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Heritage Band mwaka 1979, bendi iliyochanganya ala za jadi na muziki wa roki. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza, akawa akipiga nyatiti kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi mjini London. Albamu yake ya kwanza, "En Mana Kuoyo" (yaani, ni mchanga tu), ilitolewa na kampuni ya Real World mwaka 1993. Uzuri wa fani yake hauna ubishi. Suala linalostahili kuchunguzwa ni la hadhira.

Katika jadi ya Wajaluo, msikilizaji wa nyatiti hanyamazi. Hutoa fedha, akausimamisha muziki, akajisifu yeye na jamaa zake, ndipo nyuzi nane zikaendelea kulia. Desturi hiyo huitwa pakruok. Utungo wa nyatiti, basi, ni mazungumzo.

Studioni hapana wa kuukatiza wimbo. Pengo hilo Ogada analiziba kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa kwa sauti ya chini. Matokeo yake ni utulivu wa ajabu, lakini pia ni upweke. "Kothbiro" ni mwito wa nyumbani: mvua yaja, watoto warejeshe ng'ombe. Wimbo huo ulipotumiwa katika filamu "The Constant Gardener" ya mwaka 2005, haukuhitaji kueleweka; ilitosha usikike.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mgeni peke yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakimwimba Chemirocha, jina lililotokana na la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Maneno yake hawakuyaelewa. Wakambuni kiumbe nusu mtu, nusu swala. Lakini walimjibu, tena kwa kinubi chao wenyewe. Huo nao ulikuwa ushiriki wa hadhira.

Hapo ndipo penye funzo kwa walimu wa fasihi simulizi. Mwanafunzi wa Eldoret asiyejua Kijaluo humsikia Ogada kama asikiavyo mtu wa London: sauti tamu, maana imefichika. Tafsiri ya Kiswahili, pamoja na mjadala darasani, yaweza kuurudishia utungo huu sehemu ya kile ulichopokonywa na studio. Albamu hii ni kazi bora, ila ni nusu ya mazungumzo. Nusu ya pili inawangoja wasikilizaji.