Istilahi za Tabianchi: Neno Moja kwa Kazi Mbili

Mara nyingi istilahi hupimwa kwa usahihi wa sarufi na kwa ufupi. Safari hii tunaomba kiongezwe kigezo cha tatu: je, istilahi humwezesha msomaji kujua nani anapaswa kufanya nini? Tumeichagua taaluma ya tabianchi kwa kuwa maneno yake yamekwisha kuingia katika sera, katika habari za redio na katika mikutano ya vijiji.

Tuanze na neno lenyewe. "Tabianchi", lililofupishwa kutokana na "tabia ya nchi", ni istilahi njema. Tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja, bali kwa miaka ya kuishi naye. Vivyo hivyo wataalamu huipima tabianchi kwa wastani wa miaka 30. Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho. Kwa hiyo anayeandika "mabadiliko ya hali ya hewa" humpa msomaji sababu ya kuuliza kuna ajabu gani, maana hali ya hewa ilibadilika hata enzi za mababu, asubuhi jua na jioni manyunyu. Hapo kosa la neno huzaa shaka juu ya jambo lenyewe.

La pili ni "gesi chafu". Hewa ya ukaa haina rangi wala harufu. Sisi wenyewe huitoa tunapopumua, na mimea huitumia kujitengenezea chakula. Ubaya wake si uchafu, bali ni wingi wake angani, unaozuia joto la dunia lisitoke. Aliyeambiwa "gesi chafu" atafikiria moshi wa jalala, atafagia ua wake, na kudhani amemaliza kazi. "Gesijoto", ambayo baadhi ya waandishi wanaitumia, inaeleza utendaji wa kitu chenyewe. Nasi tunaiunga mkono.

Hata hivyo, lawama yetu kubwa ni juu ya kitenzi "kukabiliana". Mkataba wa Paris wa 2015 unatenga kazi mbili: Ibara ya 4 inahusu kupunguza gesijoto, na Ibara ya 7 inahusu kuhimili athari. Katika maandishi yetu mengi kazi zote mbili huitwa "kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi", na hapo ndipo wajibu unapopotea. Tumtazame mwanamke mkulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na mwani wake wa aina ya cottonii umekufa. Huyu hana mtambo wa makaa ya mawe wa kuzima. Kazi yake ni kuhimili: kuuhamishia mwani kwenye maji ya kina kirefu zaidi, na huko anahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea. Kupunguza, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992, ni kazi ambayo nchi zilizoendelea zinapaswa kuitangulia. Mkulima huyu anapoambiwa "akabiliane", hajui kama anaahidiwa msaada au anadaiwa.

Yuko atakayesema kwamba "kuhimili" nako kuna dosari, kwani hata punda huhimili mzigo bila kuulizwa. Twakubali. Lakini istilahi hupata mipaka yake kutokana na fasili iliyoandikwa na kufuatwa, na neno hili limekwisha kuzoeleka.

Kwa hiyo twapendekeza "kukabiliana" libaki neno la jumla, wala lisisimame peke yake katika sheria, sera au bajeti. Kila linapoandikwa, lifuatwe na "kwa kupunguza" au "kwa kuhimili", na mtendaji atajwe. Mwandishi asiyeweza kumtaja ajue kwamba sentensi yake haijakamilika.