Asili ya Sauti katika Filamu ya The Glenn Miller Story

Wasifu wa msanii hupimwa, pamoja na mengine, kwa namna unavyoeleza kazi yake ilikotoka. Kwa kipimo hicho, The Glenn Miller Story (1954) ya Anthony Mann, ambamo James Stewart anaigiza kiongozi huyo wa bendi wa Marekani, inaburudisha masikio lakini hoja yake inapwaya. Tuzo ya Oscar iliyoipata ni ya kurekodi sauti, na iliistahili.

Miller wa filamu anatafuta "sauti" yake mwenyewe. Anaipata kwa ajali, mpiga tarumbeta anapopasuka mdomo na klarineti kushika nafasi yake. Nyimbo nazo zinabuniwa visa vya ndoa. A String of Pearls unafungamanishwa na zawadi ya mkufu wa lulu, ilhali mtunzi wake ni Jerry Gray, mpangaji muziki wa bendi. Little Brown Jug unakuwa zawadi ya mume aliyetoweka angani Desemba 1944, ingawa bendi iliurekodi mwaka 1939. Hayo yanavumilika, machozi ya June Allyson yanayahitaji.

Tuxedo Junction ni suala jingine. Wimbo huo ni wa bendi ya Erskine Hawkins, uliobeba jina la mtaa wa Weusi jijini Birmingham, Alabama. Katika filamu unahesabiwa miongoni mwa mafanikio ya Miller tu. Louis Armstrong anatokea katika klabu ya Harlem, anapiga, anashangiliwa, kisha hadithi inaendelea bila yeye.